Lubumbashi: Paka akikojolea sanduku la gitaa, namna ya kuondoa harufu bila kuharibu chombo

Ni Jumamosi mchana, saa ya mazoezi ya kwaya imekaribia. Mpiga gitaa anavuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda, anafungua vifungo, na harufu inamfikia puani kabla hajagusa nyuzi. Paka wa nyumbani amepita hapo. Kesho asubuhi chombo hicho kinatakiwa kuwa mbele ya waamini, na hakuna kingine.

Katika mitaa ya Lubumbashi, mji mkuu wa jimbo la Haut-Katanga, tukio la namna hii halishangazi. Paka wanafugwa katika parseli nyingi kwa ajili ya panya, wale wanaotoboa mifuko ya unga wa bukari usiku. Na sanduku la gitaa, ambalo wengine huliita etwi, ni mahali pazuri kwa paka: ndani mna kitambaa laini, kuta zake ni fupi, na halipitwi na upepo. Likiachwa wazi siku moja tu, paka anaingia kulala. Akiwa dume asiyehasiwa, anaweza pia kulikojolea ili kuweka alama kwamba mahali hapo ni pake.

Mara nyingi mwenye chombo hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama anamwagia manukato mpaka harufu ya kwanza isisikike, ama analitupa sanduku na kuanza kubeba gitaa mkononi. Yote mawili yana hasara. Manukato yanaisha baada ya siku mbili na mkojo unarudi. Gitaa lisilo na sanduku nalo linabebwa kwenye pikipiki, linanyeshewa, linagongwa mlangoni, na siku moja shingo inavunjika. Lakini sanduku lililokojolewa linaweza kuokolewa, mradi mtu ajue harufu imejificha wapi.

Chombo kimoja, watu wengi

Katanga ni nchi ya gitaa tangu zamani. Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Upigaji wake wa vidole viwili ulivuka mipaka ya Kongo, ukafika Afrika ya Mashariki na Ulaya. Mpaka leo gitaa linasikika katika makanisa, arusi na matanga ya mji huu.

Lakini chombo kizuri ni ghali, na mara nyingi kimoja kinatumiwa na watu kadhaa. Shida hii si ya Lubumbashi peke yake. Huko Kinshasa, Orkestra ya Simfoni ya Kimbangu, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, ilianza na vyombo vichache sana. Wanamuziki walikuwa wakipokezana fidla, na uzi ulipokatika walitafuta waya wa breki za baiskeli kuuweka mahali pake. Watu wanaotengeneza uzi kwa waya wa baiskeli hawawezi kutupa sanduku kwa sababu ya harufu.

Kwa nini harufu haishi

Mkojo wa paka ukiwa mbichi haunuki sana. Ubaya unakuja baadaye, kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya mikojo yote: vijidudu vinavunja urea iliyomo na kutoa amonia, ile harufu kali inayochoma macho. Njia ya pili ni ya paka mwenyewe. Mkojo wake una kitu kinachoitwa felinini, ambacho peke yake hakina harufu kubwa. Kadiri siku zinavyopita, felinini inavunjika na kutoa gesi zenye salfa, na pua ya binadamu inazitambua hata zikiwa kidogo sana. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kwamba protini fulani katika mkojo wa paka ndiyo inayosaidia kutengeneza felinini hiyo, na madume yasiyohasiwa yana nyingi kuliko wengine. Ndiyo sababu sanduku linaweza kunuka zaidi wiki ya pili kuliko siku ya kwanza.

Kuna jambo lingine ambalo wakaaji wa Lubumbashi wanaliona kila mwaka. Katika miezi ya kiangazi, tangu mwezi wa tano hadi wa tisa, hewa ni kavu na sanduku linaweza kuonekana limepona. Mvua zinapoanza, harufu inaamka. Chumvi na urea zilizokauka ndani ya kitambaa zinavuta unyevu wa hewa, na unyevu huo unaachilia tena gesi zilizokuwa zimelala. Kwa hiyo sanduku lisilonuka mwezi wa saba bado linaweza kuwa na mkojo ndani yake.

Harufu, basi, haimo hewani. Imo katika tabaka tatu za sanduku: kitambaa cha mahameli cha juu, sponji iliyo chini yake, na mbao za tripleksi au katoni ngumu zinazoshika umbo. Anayesafisha kitambaa peke yake, huku mkojo umeshafika kwenye sponji, anafanya kazi bure.

Mambo ya kutofanya

Kosa la hatari kuliko yote ni javeli. Mtu anaiona kama dawa ya kila uchafu. Lakini javeli ikikutana na amonia ya mkojo inatoa gesi za kloramini, ambazo zinachoma koo na mapafu. Ikichanganywa na vinegri inatoa gesi ya klorini, ambayo ni mbaya zaidi. Katika chumba kidogo chenye dirisha moja, ambamo watoto wanalala, mchanganyiko huo unaweza kumpeleka mtu hospitali. Zaidi ya hayo, javeli inakula rangi ya kitambaa na kuleta kutu kwenye vifungo na bawaba.

Kosa la pili ni kumwaga maji mengi. Kitambaa cha sanduku kimebandikwa kwa gundi, na tripleksi inavimba ikilowa. Sanduku lililotumbukizwa kwenye beseni linatoka na kitambaa kinachoning'inia na kifuniko kisichofunga tena.

Kosa la tatu ni kuanika sanduku juani na gitaa likiwa ndani. Jua linapasha sanduku lililofungwa kama jiko. Gundi inayoshika daraja la nyuzi inalegea na uso wa mbao unaweza kupasuka.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kwanza, chombo kinatolewa na kuwekwa mbali, katika chumba kingine. Gitaa lenyewe linapanguswa kwa kitambaa kilicholowa kidogo tu, kisha kikavu. Alkoli haifai, kwa sababu inaweza kuyeyusha vanishi. Kama manyoya na vumbi vimeingia ndani ya tundu la sauti, mafundi wa vyombo vya nyuzi wana njia ya zamani: wanatia konzi ya mchele mkavu, wanatikisa taratibu, kisha wanaumwaga mchele nje pamoja na uchafu. Mchele huo haupikwi tena.

Pili, manyoya yanaondolewa kwenye kitambaa kwa brosi au kwa mkono uliovaa glavu ya mpira iliyolowa kidogo. Hatua hii ni muhimu hata kama mgeni alikuwa mbwa ambaye hakukojoa. Harufu ya mbwa inatokana na mafuta ya ngozi yake na vijidudu vinavyoishi katika manyoya, na manyoya yakibaki, harufu nayo inabaki.

Tatu, mahali penyewe panatafutwa. Pua inasaidia, na vidole pia, kwa sababu kitambaa kilichokojolewa kikikauka kinakuwa kigumu kidogo. Kama mkojo bado ni mbichi, unafyonzwa kwa kukandamiza kitambaa kikavu juu yake, bila kusugua. Kusugua kunausukuma chini zaidi.

Nne ni dawa. Katika nchi nyingine maduka yanauza maji yenye vimeng'enya maalum kwa mkojo wa wanyama. Asiyeyapata anaweza kutumia vitu vitatu vya kawaida: maji ya oksijeni ya farmasia, yale ya asilimia 3 ambayo chupa yake imeandikwa 10 volumes, bikarbonati, ile ya kupikia mandazi, na sabuni ya maji ya vyombo. Mchanganyiko huu ulitangazwa mwaka 1993 na mkemia wa Marekani, Paul Krebaum, kwa ajili ya watu waliorushiwa uvundo na kicheche wa huko. Uvundo wa kicheche huyo nao unatokana na salfa, na oksijeni inaigeuza salfa hiyo kuwa kitu kisichonuka. Kwa lita moja ya maji ya oksijeni, zinatiwa gramu 60 hivi za bikarbonati na kijiko kidogo cha sabuni. Kwa sanduku moja, robo ya kipimo hicho inatosha.

Tahadhari ni tatu. Mchanganyiko unatumika mara tu unapotengenezwa na haufungiwi kwenye chupa, kwa sababu unatoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Unaweza kupausha rangi, kwa hiyo unajaribiwa kwanza pembeni mahali pasipoonekana. Na hauchanganywi na vinegri wala javeli. Unatiwa kwa kitambaa au sponji ndogo, kidogo kidogo, mpaka mahali pale palowe kama mkojo ulivyolowesha, kisha unaachwa kwa dakika kumi hivi. Baadaye panafyonzwa kwa kitambaa chenye maji safi, halafu kwa kitambaa kikavu. Mara nyingi kazi inarudiwa baada ya siku mbili.

Tano, sanduku linakaushwa likiwa wazi na tupu, kwenye jua la asubuhi na upepo, siku mbili au tatu. Wakati wa mvua linakaa ndani karibu na dirisha, muda mrefu zaidi. Sanduku likifungwa kabla halijakauka, harufu ya mkojo inaondoka na ya ukungu inachukua nafasi yake.

Sita ni makala. Makala safi ambayo hayajawashwa yanavunjwa vipande, yanatiwa ndani ya soksi au kifuko cha kitambaa na kufungwa vizuri, kisha yanawekwa ndani ya sanduku lililofungwa kwa wiki moja, bila chombo. Makala ya jikoni hayana nguvu kama makala maalum ya viwandani, ambayo yana vitundu vingi zaidi vya kunasa gesi. Hata hivyo yanapunguza mabaki. Makala hayawezi kuponya sponji iliyojaa mkojo. Ni kazi ya mwisho, wala hayachukui nafasi ya kusafisha.

Sponji ikishindikana

Kama baada ya kurudia mara mbili harufu bado inatoka, mkojo umekaa katika sponji. Hapo fundi wa viti au wa viatu anaweza kusaidia kuliko muuza manukato. Kitambaa kinabanduliwa polepole kwa kisu butu, sponji iliyoharibika inakatwa, mbao za chini zinapanguswa kwa dawa ileile na kukaushwa, kisha inawekwa sponji mpya ya godoro na kitambaa kinabandikwa tena. Sponji mpya inatakiwa kuwa na unene uleule wa zamani, la sivyo shingo ya gitaa haitakaa sawa. Gundi mpya nayo inaachwa ikauke kwa siku kadhaa kabla chombo hakijarudishwa, kwa sababu mvuke wake unaweza kuharibu vanishi.

Kama dalili ni za panya, yaani mavi madogo meusi na kitambaa kilichotafunwa, uchafu haufagiliwi ukiwa mkavu. Unaloweshwa kwanza na maji ya sabuni na kuokotwa kwa glavu, kwa sababu mkojo na mavi ya panya vinaweza kubeba magonjwa, na vumbi lake halifai kuvutwa puani.

Paka mwenyewe

Paka anarudi mahali anaposikia harufu yake. Ndiyo maana kusafisha nusu ni sawa na kumwalika tena. Sanduku linafungwa kila mara, hata chombo kinapokuwa nje, na linawekwa juu ya kabati au kutundikwa ukutani badala ya kulazwa sakafuni. Kuhasi dume kunapunguza tabia ya kuweka alama.

Lakini paka aliyekuwa na adabu na ghafla akaanza kukojoa ovyo anaweza kuwa mgonjwa. Dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia, na mkojo hautoki au unatoka matone, huenda njia yake imeziba. Hali hiyo inaweza kumuua ndani ya siku chache, na anatakiwa kufikishwa kwa mganga wa wanyama siku hiyohiyo. Kabla ya kumpiga kwa ajili ya sanduku, mwenye nyumba amtazame kwanza.

Na yule mpiga gitaa wa Jumamosi? Sanduku lake halitakuwa tayari kesho. Chombo chake kiko salama, kimepanguswa, na kinaweza kwenda kanisani kikiwa kimefungwa ndani ya blanketi safi, mikononi mwa mtu anayetembea kwa miguu. Sanduku linabaki nyumbani, wazi, juani. Wiki ijayo litafungwa tena, na safari hii paka atabaki nje.