Huna cheti? Kwenye programu huria utaulizwa kazi, si karatasi

Kama wewe ni wa Amukura, umepita mbele ya kituo cha afya mara mia na labda hukuwahi kufikiria kwamba kinahusiana na mambo ya koding. Kinahusiana sana tu. Kituo hicho ni kimoja kati ya vile vilivyoingia katika mpango wa AMPATH, unaounganisha Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Indiana. Enzi zile za mwanzo daktari alijaza fomu ya karatasi, fomu ikabebwa hadi Eldoret, halafu mtu akaketi kuiingiza kwenye kompyuta. Wagonjwa wa HIV wakazidi kuwa wengi, mfumo uliokuwepo ukalemewa. Mwaka 2004, Paul Biondich na Burke Mamlin, madaktari kutoka Indiana, wakaanza kuusuka upya. Hapo ndipo ilipozaliwa OpenMRS, ambayo leo inatumika katika nchi zaidi ya 40. KenyaEMR imejengwa juu yake. Vuka mpaka pale Malaba uingie Tororo, utakuta UgandaEMR, nayo imejengwa juu ya hiyo hiyo.

OpenMRS ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi. Wewe hapo Busia na laptopu yako ya mkono wa pili unaweza kuusoma, kuurekebisha na kutuma marekebisho yako bila kumwomba mtu kazi. Lakini hebu fikiria kidogo: hizi ni rekodi za wagonjwa. Ukikosea mstari mmoja, mama fulani anaweza kusomewa dawa za mtu mwingine. Sasa nani anaamua marekebisho yapi yaingie? Na huyo aliyepewa mamlaka hayo, aliyapataje?

Jibu la OpenMRS ni ngazi. Unaanza /dev/null, unapanda /dev/1, /dev/2, hadi /dev/5. (Kama hujawahi kugusa Linux: /dev/null ni shimo ambamo chochote ukitupa kinapotea. Walioliita hivyo walikuwa na ucheshi.) Vigezo vya kila hatua vimeandikwa, kila mtu anavisoma. Kwanza unachukua kazi ndogo ndogo zilizotengwa kwa wageni, unairekebisha moja, wenzako wanaikagua, wanakurudishia, unairekebisha tena. Ukizidi kupanda, kinachoangaliwa si wingi wa msimbo peke yake. Unaangaliwa kama unakagua kazi za wengine na kama unamshika mkono mgeni. Hakuna anayekuuliza ulisomea wapi. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sentensi hiyo naipenda kuliko zote. Na mmoja wa vigogo wa OpenMRS, mwenye miaka mingi ya kuandika na kukagua msimbo wake, ni Mganda, jirani yetu kabisa.

Ukitaka kuelewa, nenda steji yoyote ya boda hapa Malaba. Mwenyekiti hapewi cheo kwa sababu ana pikipiki mpya. Ni yule aliyekuwepo mvua na jua, anayejua nani amelipa na nani hajalipa, ambaye mwenzao akigongwa na lori usiku ndiye anapigiwa simu.

Miradi mingine inafanya tofauti. Debian inapiga kura kila mwaka kuchagua kiongozi, na kwenye karatasi ya kura kuna nafasi ya kusema hakuna hata mmoja anayefaa. (IEBC, mnasoma?) Kwa Apache, wale waliomo wanakupigia kura ya kukuingiza baada ya kuona kazi yako, na cheo ni chako wewe, si cha kampuni iliyokuajiri. Ukihama kazi unahama nacho. Python iliongozwa miaka mingi na mwanzilishi wake, Guido van Rossum, ambaye neno lake lilikuwa la mwisho. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya pendekezo moja, akachoka akaachia. Waliobaki ilibidi wakae chini wajadili watatawaliwa vipi, na mwaka 2019 wakachagua baraza la watu watano. Ona hapo: mradi mkubwa namna ile, na swali la nani anarithi halikuwa limejibiwa mpaka mzee alipoondoka.

Sasa usije ukadhani kazi nyingi peke yake inatosha kumpa mtu funguo. Kuna kisa cha XZ, na hiki ukisome polepole. XZ ni programu ndogo ya kubana mafaili, imo ndani ya mifumo mingi ya Linux duniani. Ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja, kwa kujitolea, naye alikuwa amechoka. Mwaka 2021 akatokea mtu anayejiita Jia Tan akaanza kusaidia. Kazi nzuri, adabu, subira. Wakati huo huo majina mengine yasiyojulikana yakawa yanamsukuma yule mwenyewe: mbona unachelewa, mpe mwingine nafasi. Akampa. Mapema 2024 Jia Tan akaingiza mlango wa siri ndani ya matoleo mawili. Ulikuja kugunduliwa mwezi Machi na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, kwa sababu tu kuingia kwenye mashine kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde na yeye hakuipuuza.

Jia Tan alipanda ngazi vizuri kuliko wengi wetu. Ndiyo maana mimi naona ngazi bila macho mawili ni hatari: hata mwenye cheo cha juu kabisa, kazi yake ikaguliwe na mwingine kabla ya kuingia. Na yule mtunzaji aliyechoka asiachwe peke yake hadi mgeni yeyote mwenye maneno matamu aonekane mkombozi.

Kuna jambo lingine ambalo wakubwa wa miradi hii hawaligusi sana. Ngazi inapandwa na mwenye muda. Kijana wa Nairobi aliyeajiriwa na kampuni inayomlipa kuchangia, na wewe unayenunua bando ya saa moja baada ya kushinda sokoni, hamuanzi mbio mahali pamoja. Wakisema tunaangalia kazi tu, uliza kazi gani. Kutafsiri skrini kwa Kiswahili inahesabiwa? Kueleza kwa maandishi jinsi karani wa kliniki anavyotumia fomu ile? Karani wa Amukura anajua kasoro za mfumo kuliko mtu yeyote aliyekaa Indianapolis, na ripoti yake moja nzuri inaweza kuokoa wiki nzima ya koding.

Kwa hivyo kabla hujamwaga usiku wako kwenye mradi wowote, ingia GitHub utafute faili linaloeleza uongozi wake, mara nyingi linaitwa GOVERNANCE au MAINTAINERS. Angalia majina ni mangapi. Angalia kama kuna aliyeingia mwaka huu, na kama wageni wanajibiwa au kazi zao zimelala miezi sita bila neno. Kisha chagua tiketi moja ndogo, ile ambayo hata bando ya shilingi 20 itaimaliza.