Baridi Inayoumiza Embe

Ndizi mbichi ikikaa siku kadhaa kwenye friji, ganda hugeuka kijivu na tunda haliivi tena vizuri. Embe huota mabaka, nayo nyanya iliyochumwa kijani huingiwa na ukungu kabla haijawa nyekundu. Kwa kuwa dalili nyingi hujitokeza baada ya mazao kurudi kwenye joto, lawama huliangukia joto, na safari ijayo mwenye mali huongeza baridi! Mazao hayo hayakuganda. Barafu huhitaji chini ya nyuzi sifuri, ilhali ndizi huanza kuumia chini ya nyuzi 13 za Selsiasi. Kinachoathirika ni utando wa kila seli, ambao umejengwa kwa mafuta. Kama mafuta ya nazi yanavyoshikamana asubuhi ya kipupwe, mafuta hayo nayo hupoteza ulaini, utando ukavuja na uivaji ukavurugika. Kabichi na karoti, zenye asili ya nchi za baridi, hustahimili karibu na nyuzi sifuri; matango hutaka 10 hadi 12, viazi vitamu 13 hadi 15. Kiazi kitamu kilichoumia ndicho kioja: hata ukichemshe vipi, kiini hubaki kigumu. Chumba kimoja kinachohifadhi kabichi pamoja na embe lazima kidhulumu upande mmoja.

Mtu atasema kwamba kwenye joto la nyuzi 30 la Dar es Salaam, heri ganda la kijivu kuliko kuoza. Hoja ina uzito, ila kati ya 30 na zile 4 za friji ya nyumbani pana nafasi kubwa, na embe bichi kwenye nyuzi 13 hukaa wiki mbili au zaidi. Muda nao huhesabika, kwani saa chache si sawa na siku kumi. Tena tunda lililokwisha kuiva huvumilia kuliko bichi, hivyo liive nje kwanza. Nyanya mbivu hulipa kwa ladha: utafiti wa Chuo Kikuu cha Florida wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wiki moja kwenye nyuzi 5 hufifisha jeni zinazotengeneza harufu yake. Kwa asiye na umeme, kibanda cha kuta za mkaa uliolowanishwa hupoza vizuri kwenye hewa kavu ya Dodoma, na hafifu kwenye unyevu wa pwani. Mwenye chumba cha baridi naye aanze kwa kununua kipimajoto.