Kitabu kisichojua bei ya mtungi wa maji sikimalizi

Nikuulize kitu kabla hatujaenda mbali. Kitabu cha mwisho ulichosoma bila kulazimishwa na mwalimu ni kipi? Usinidanganye, mimi si mwalimu wako. Kama jibu ni Kidagaa Kimemwozea au Chozi la Heri, na ulisoma kwa sababu ya mtihani, basi tuko pamoja. Nilimaliza Kidato cha Nne nikijua dhamira na maudhui ya kila sura, na sikuwa nimefurahia hata moja. (Nasema hivyo nikimheshimu sana marehemu Ken Walibora. Kosa halikuwa lake.)

Kusoma kwa kupenda kulinianza vibaya. Mwaka wa pili chuoni salio la karo lilikuwa limepanda hadi nikaona aibu kupita mbele ya ofisi ya uhasibu, nikaacha kwenda. Nyumbani sikusema. Kila asubuhi nilivaa, nikabeba begi, nikamwambia mamangu "baadaye," na kushuka njia kama mwanafunzi yeyote. Kisha nilizunguka mpaka maktaba ya umma hapa Kibera ifunguliwe, nikakaa humo hadi jioni. Sasa utakaa maktabani siku nzima ukiangalia ukuta? Nikaanza kusoma.

Sisi tunaishi Soweto East, chumba kimoja, watu watatu. Stima ikipotea nasoma kwa tochi ya simu, na simu ikizima nalala. Kutokana na maisha hayo nimejitengenezea kipimo kimoja cha kitabu chochote kinachojidai kuzungumzia watu wa mtaa: je, huyu mwandishi anajua bei ya mtungi wa maji? Simaanishi aiandike. Namaanisha ukisoma uhisi kwamba anaijua. Kwetu mtungi wa lita 20 siku ya kawaida huwa Sh5. Mifereji ikikauka wiki nzima unafika Sh20, na wiki hiyo mamangu hapiki maharagwe, kwa sababu maharagwe yanameza maji. Mtu anayejua hilo huandika njaa tofauti kabisa na mtu aliyeambiwa tu kwamba Kibera kuna njaa.

Meja Mwangi anajua. Going Down River Road ilitoka 1976, kabla mamangu hajazaliwa, na nilipoifungua nilidhani mtu amekuwa akichungulia ploti yetu. Ben ni mtu wa mjengo. Yeye na rafiki yake Ocholla wanajenga jumba kubwa mjini linaloitwa Development House, ghorofa juu ya ghorofa, na jioni wanarudi kulala kwenye kibanda kando ya mto, kibanda ambacho watu wa kaunsili wanakuja kukichoma halafu kinajengwa tena. Kuchomwa, kujengwa. Hakuna anayetoa hotuba kuhusu hilo. Wanatafuta mbao tu.

Kama wewe ni wa hapa unajua kwa nini hiyo sehemu ilinishika. Mwaka 2009 watu wa upande mmoja wa Soweto East walihamishiwa nyumba za Lang'ata ili vibanda vibomolewe na ghorofa zijengwe, na ghorofa zenyewe zikakabidhiwa 2016. Nina majirani ambao wamebeba mawe na kukoroga simiti kwenye mijengo ya jiji hili tangu niwe mtoto, na hawajawahi kulala ndani ya nyumba yenye ngazi. Meja Mwangi hakuhitaji kungojea 2009 ili aone hiyo.

Lakini nisikupake mafuta: wanawake katika hicho kitabu wameandikwa ovyo. Wini anamwachia Ben mtoto na kutoroka, na mwandishi haonekani kutaka kujua alikuwa anafikiria nini. Nilikasirika. Nikaendelea kusoma, lakini nikiwa nimekasirika.

Jioni moja mamangu alikuwa anasukuma chapati, akaniuliza hicho kitabu kinasema nini mpaka nacheka peke yangu. Nikamsimulia vile wake wawili wa Ocholla wanatoka mashambani na watoto wao na kumwingilia kwenye kile kibanda, bila notisi. Akacheka hadi akaweka chini kijiti cha kusukumia. Akasema, "Huyo namjua. Alikaa ploti ya nyuma." Huo ndio uhakiki bora wa fasihi ambao nimewahi kusikia, na wahadhiri wangu wanisamehe.

Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Mei 2025, kila mtu aliweka picha yake kwenye status. Mimi pia. Halafu nikajiuliza nimesoma nini chake nikakuta ni dondoo. Nikatafuta Shetani Msalabani, tafsiri ya Kiswahili ya kile kitabu alichokiandika kwa Kikuyu akiwa gereza la Kamiti, kwenye karatasi za choo. Utaniambia hiyo hadithi ya karatasi umeisikia mara mia. Sawa, lakini kitabu umekisoma? Wariinga anaishi Ofafa Jericho, mwenye nyumba anapandisha kodi, anakataa kulipa nyongeza, na anatupiwa vyombo nje. Kurasa chache za mwanzo, na tayari ameshinda kipimo changu. Safari ya matatu kwenda Ilmorog pia ni tamu, maana kila abiria ana mdomo. Ile karamu ya wezi wanaoshindana kujisifu, hata hivyo, ni ndefu mno. Mwizi wa kwanza nilicheka, mwingine nikatabasamu, waliofuata nikaruka kurasa. Ndio, nimeruka kurasa za Ngũgĩ. Nishtakiwe.

Sasa tuje kwa vitabu vinavyotaja Kibera kwa jina, maana hapo ndipo nina neno. Vya ukweli, si riwaya. Robert Neuwirth, mwandishi wa Marekani, alikuja akapanga chumba hapa Kibera, akaishi pia katika mitaa kama yetu huko Rio, Mumbai na Istanbul, kisha akaandika Shadow Cities. Nilikianza nikiwa nimekunja ngumi, nikitarajia nzi na machozi. Sikupata hayo. Anauliza maswali ya maana: ardhi ni ya nani, kodi inaenda kwa nani, kwa nini mtu ajenge kwa bati wakati mawe yapo. Namheshimu. Ila yeye alikuwa na tarehe ya kuondoka, na mtu mwenye tarehe ya kuondoka huona hata matope kwa jicho la utulivu.

Find Me Unafraid ya 2015 ni tofauti, kwa sababu Kennedy Odede alikulia hapa hapa. Ameandika na mkewe, Jessica Posner, wakipokezana sura: yeye akisimulia utotoni na vile alianzisha Shofco mwaka 2004 akiwa na mpira tu, Jessica akisimulia vile alikuja kama mwanafunzi kutoka Marekani. Sura za Kennedy za utotoni zilinifanya niweke kitabu chini nikatoka nje kupunga hewa. Anajua bei ya maji, hata sina haja ya kupima. Lakini nikiendelea nilianza kujihisi kama mtu anayesikiliza maongezi ya meza nyingine. Mimi naona aliyeketi mbele yao ni Mmarekani mwenye roho nzuri, anayefaa kuelezwa kila kitu na kuguswa moyo. Si kosa, shule na hospitali zinahitaji pesa. Mimi nataka tu siku moja mtu aandike Kibera ambapo mimi ndiye nimeketi mezani, ambapo hakuna anayenieleza "flying toilet" ni nini. Aandike ugomvi wa kamba ya nguo. Aandike chama cha akina mama wa Ijumaa, ambacho kina siasa kuliko Bunge.

Peponi nilikiazima kwa rafiki, kwa sababu kipya ni ghali na Inama Bookshop, wale wauzaji wa vitabu vilivyotandazwa kando ya barabara mjini, hawakuwa nacho. Ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, yule wa Nobel ya 2021, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Yusuf ana miaka 12. Babake anadaiwa na tajiri, hana pesa, anatoa mtoto. Neno ni rehani, na kwa Kiswahili neno hilo lina uzito ambao huwezi kuuepuka, kwa sababu sisi tunaweka rehani televisheni na mitungi ya gesi. Kiswahili cha pwani kilinipeleka mbio mwanzoni, hadi nikawa namtumia rafiki wa Likoni picha za kurasa aniambie maana. Usikate tamaa. Msafara ukishaingia bara, huwezi kukiacha.

Nimekuwa nikizunguka kile kitabu ambacho hasa nilitaka kukuambia. Ni Kill Me Quick, Meja Mwangi tena, cha 1973. Meja na Maina wamemaliza shule, wana vyeti, wamekuja mjini kutafuta kazi. Hakuna kazi. Wanakula vilivyotupwa kwenye mapipa. Ni kitabu chembamba, nilikinunua Sh100 kwa Inama kikiwa hakina jalada la nyuma. Kuna mahali Meja anarudi hadi karibu na kwao, anakutana na dada yake mdogo njiani, na anashindwa kuendelea hadi nyumbani. Anageuka. Wazazi wake hawamwoni.

Nilisoma hapo maktabani, saa nne asubuhi, begi langu la uongo likiwa chini ya meza. Sikuweza kugeuza ukurasa. Miezi minane nilikuwa nikifanya vivyo hivyo, tofauti ni kwamba mimi nililala nyumbani kila usiku.

Kabla ya hapo nilikuwa najificha nyuma ya Binyavanga Wainaina. Katika One Day I Will Write About This Place anasimulia vile alienda Afrika Kusini kusomea biashara, akajifungia chumbani na riwaya, masomo yakaenda na maji. Nilikipenda kwa sababu mbaya: kilinipa ruhusa. Nilijiambia mimi pia ni msanii, natafuta njia yangu. Lakini Binyavanga alikuwa na kwao pa kurudi Nakuru, penye vyumba. Mimi nina mama anayeamka saa kumi alfajiri kukanda unga.

Siku hiyo nilirudi nyumbani mapema. Nikamwambia yote, nimesimama mlangoni, hata viatu sijavua. Hakuacha kukunja nguo. Akasema, "Nilijua. Uliacha kuniomba nauli mwezi wa pili."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Chuo sijarudi, na sitakudanganya kwamba nina mpango. Asubuhi namsaidia kupeleka chapati kwenye vibanda vya Mbagathi, mchana naandika, kama hivi. Mezani kuna Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi inayoningoja, na Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye ambayo dada mmoja wa maktaba alisisitiza niichukue baada ya kunisikia nikilalamika kuhusu Wini.

Kill Me Quick iko kwa kijana wa mlango wa tatu, aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka jana na bado anatafuta. Aliniambia ni wiki moja tu. Sasa ni wiki ya sita, na juzi nilipita usiku nikaona mwanga wa simu chini ya mlango wake. Sikubisha.