Zawadi Iliyotundikwa Ukutani



Mwaka uliopita binti wa ndugu yetu, aliyeolewa Sirisia katika kaunti ya Bungoma, alituletea salamu pamoja na ombi. Mwanawe wa miaka 13 alitamani rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi wa kuvulia. Sisi wana wa pwani tulijiona wajuzi. Tukanunua rili kubwa, nzito, ya kuvulia nguru na jodari, tukaituma kwa basi.

Tulipowazuru, tuliikuta imetundikwa ukutani. Kijana alikuwa kando ya bwawa akivua kwa mshipi wa mkono alioukunja kwenye chupa ya plastiki.

"Usituone watovu wa shukrani, Ami," mamake alisema kwa adabu. "Tuliuza kuku watatu tupate fimbo ya kuibeba. Fimbo nayo ikavunjika."

Tuliona haya. Zawadi yetu ilikuwa imemtia gharama aliyeipokea.

Kosa letu ni kuwa tuliuliza bei, hatukuuliza maji. Sirisia iko chini ya Mlima Elgon. Ina mito kama Malakisi, na Lwakhakha ulio mpaka wetu na Uganda. Tena tangu mwaka 2009, serikali ilipoanza kugharamia uchimbaji wa mabwawa ya samaki, ufugaji wa ngege na kambare umeenea magharibi ya nchi. Ngege wa bwawani aghalabu hafiki kilo moja, ilhali nguru wa bahari huweza kupita kilo 30. Vipi chombo kimoja kitawafaa wote wawili?

Akina mama wanaoshona wataelewa upesi tofauti ya rili hizi. Ile tuliyoituma ni ya ngoma inayozunguka, nayo hukaa juu ya fimbo. Ina nguvu nyingi, lakini ni kama bobini iliyovutwa kwa kasi: uzi ukisimama, yenyewe huendelea kuzunguka, na nyuzi zikajisokota. Mvuvi hana budi kuizuia kwa kidole gumba, na ujuzi huo huchukua muda.

Ya pili hukaa chini ya fimbo, na bobini yake hutulia mshipi unaporushwa. Uzi huteleza ukingoni, kama unavyotoka kwenye kibonge kilichosimamishwa mezani. Hurusha chambo chepesi bila taabu, na kwa bwawa au mto mdogo ndiyo inayofaa zaidi.

Ya tatu imefunikwa, na mshipi huachiliwa kwa kubonyeza kitufe. Ni rahisi mno kwa mtoto, ila haina nguvu ya kumkabili kambare mkubwa.

Dukani, zungusha mkono wa rili taratibu. Ukihisi mikwaruzo, iache. Kisha kaza breki kiasi na uvute mshipi: utoke kwa ulaini, si kwa mishtuko, kwani mshtuko ndio ukatao uzi samaki anapokimbia. Kwa ngege, mshipi wa kuhimili kilo 3 au 4 unatosha. Hakikisha pia kuwa fimbo na rili vinalingana, na ununue vyote pamoja. Rili iliyotumika baharini ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ya bwawani ipanguswe tope na kukaushwa.

Wala tusiidharau ile chupa ya kijana. Asiye na uwezo wa kununua rili asikope kwa ajili yake, kwani mshipi, ndoana na chubwi vimelisha nyumba nyingi.

Ile rili kubwa tulirudi nayo pwani, tukamuuzia mvuvi wa bahari kuu. Kwa fedha zile tulimtumia kijana rili ndogo ya bobini tuli pamoja na fimbo yake, na iliyobaki tukamrudishia mamake thamani ya kuku wake watatu.

Israfu si wingi wa fedha peke yake. Hata kitu kizuri kilichowekwa pasipo mahali pake ni israfu. Basi kabla ya kumnunulia mtu zawadi, tumuulize kwanza hali ya mahali anapoishi.

Wallahu a'lam.