Mwili Umefika Osaka, Saa Imebaki Katanga

Timu ikisafiri kutoka Kolwezi hadi Johannesburg, wachezaji hufika wamechoka, lakini hakuna anayegusa saa yake ya mkononi. Ikienda Kinshasa, ndani ya nchi hiihii, inairudisha nyuma kwa saa moja. Kocha asichanganye mambo hayo mawili: uchovu wa safari na kuvurugika kwa saa ya mwili.

Uchovu hutokana na kukaa kitako muda mrefu, kukosa maji na kulala vipandevipande. Barabara ya Lubumbashi hadi Kolwezi, takribani kilomita 300, inatosha kuuleta. Maji, chakula na usiku mmoja wa usingizi mzuri huuondoa.

Saa ya mwili imo ndani ya ubongo, nayo huongozwa hasa na mwanga. Joto la mwili hupanda hadi kilele kati ya alasiri na jioni, wakati misuli ina nguvu zaidi, na hushuka kabisa mnamo saa kumi na moja alfajiri. Msafiri akivuka kanda za saa, saa hiyo hujirekebisha kwa takribani saa moja tu kila siku. Kuelekea mashariki ni kugumu zaidi: mzunguko wake wa asili huzidi kidogo saa 24, hivyo mwili hukubali kwa urahisi zaidi kuchelewa kulala kuliko kuwahi.

Mwaka 2010 TP Mazembe ya Lubumbashi iliifunga Pachuca 1–0 na Internacional 2–0, ikafika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Ilikuwa Abu Dhabi, saa mbili tu mbele ya Katanga. Mwaka 2015 huko Osaka, saa saba mbele, ilifungwa 3–0 na Sanfrecce Hiroshima, kisha 2–1 na Club América. Tusiitwishe saa lawama zote, maana mwaka 2009 Mazembe ilipoteza mechi zake mbili Abu Dhabi hukohuko. Hata hivyo, mechi ya saa kumi jioni Osaka humkuta mchezaji mgeni kutoka Katanga akiwa bado kwenye saa tatu asubuhi.

Siku ya kwanza huko, jua la asubuhi humdhuru, kwa sababu alfajiri ya mwili wake huangukia saa sita mchana. Mwanga kabla ya hapo huichelewesha saa. Baada ya hapo huiwahisha. Basi asubuhi avae miwani ya jua, alasiri atoke nje.

Saa ikivurugika usingizi hupungua, na usingizi pungufu huambatana na majeraha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba wanamichezo vijana waliolala chini ya saa nane kwa usiku walikuwa na uwezekano mara 1.7 zaidi wa kuumia.

Hapa Kolwezi, hata asiyepanda ndege anahusika. Anayetoka zamu ya usiku mgodini saa yake imevurugika vilevile. Kocha wa komuni ya Manika au Dilala amuulize amelala kwa muda wa saa ngapi kabla ya kumpa mbio za kasi. Akijibu nne, siku hiyo zinamtosha pasi na mazoezi mepesi.