Je, Wajua? Gitaa Kavu Lenye Pikapu

Je, wajua kwamba gitaa lililouzwa kwa zaidi ya dola milioni 6 lilikuwa la aina ambayo kiwanda chake kiliitengeneza kwa muda mfupi tu, kisha kikaachana nayo? Ni Martin D-18E ya mwaka 1959, ambayo mwanamuziki wa roki Kurt Cobain aliipiga kwenye kipindi cha MTV Unplugged jijini New York, Novemba 1993. Lilipopigwa mnada Juni 2020, hakuna gitaa lingine duniani lililokuwa limewahi kufikia bei hiyo. Martin walitengeneza D-18E zipatazo 300, basi.

Kilichowashinda ni fizikia. Walichukua gitaa kavu, lile ambalo wazee bado huliita galatoni, wakalifunga pikapu za sumaku kama za gitaa la umeme. Sumaku huhisi chuma. Nyuzi nene za gitaa kavu zina kiini cha chuma, lakini nje zimezungushiwa shaba, na shaba haina habari na sumaku. Matokeo yake nyuzi haziwiani: nyembamba zinasikika sana, nene zinafifia. Zaidi ya hapo, uso wa gitaa ulikuwa umetobolewa na kubebeshwa vyuma, kwa hiyo hata bila waya halikulia vizuri. Cobain mwenyewe aliongezewa pikapu nyingine, ya kukaa kwenye tundu la sauti.

Dawa ilikwishajulikana tangu 1880, na waliogundua hawakuwa wanamuziki. Mwaka huo huko Paris, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele, kwazi ikiwemo, zikibanwa hutoa umeme kidogo. Huyu Pierre ndiye aliyekuja kumuoa Marie Curie. Magitaa kavu mengi yenye pikapu yaliyopo madukani leo hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Utepe mwembamba wa pikapu ya piezo hulazwa chini ya ule mfupa mweupe ambao nyuzi hupandia kwenye daraja. Uzi ukitetemeka, utepe unabanwa na kuachiwa mara mamia kwa sekunde, na huo ndio umeme unaokwenda kwenye spika. Shaba au chuma, hata nailoni, piezo haibagui.

Ina ila yake. Ukipiga kwa nguvu, sauti huwa kavu na ya puani, na wapigaji huifananisha na mlio wa bata. Sauti ya piezo ikiachwa hivihivi ni dhaifu mno, ndiyo maana ubavuni mwa gitaa kuna kile kisanduku chenye vifungo: ndani yake mna kikuza sauti kidogo kinachotumia betri. Ukisikia magitaa mawili ya bei moja yakitofautiana sana kwenye spika, mara nyingi kisanduku hicho ndicho kinachoyatofautisha.

Je, wajua kwamba mmoja wa watu walioeneza piezo kwenye magitaa alikuwa mtengenezaji wa helikopta? Charles Kaman, mhandisi wa Connecticut, Marekani, alitumia miaka mingi akitafuta namna ya kupunguza mtetemo wa mapanga ya helikopta. Alikuwa pia mpigaji gitaa. Mwaka 1966 alianzisha Ovation, gitaa lenye mgongo wa mviringo uliofinyangwa kwa nyuzinyuzi za kioo, na miaka michache baadaye likawa na pikapu ya piezo ndani ya daraja. Mgongo ule huteleza mapajani, na si kila mtu huupenda, lakini majukwaa ya miaka ya 1970 yalijaa Ovation kwa sababu ulikuwa ukichomeka waya na kupiga bila bughudha.

Sasa tufike kwenye pesa. Gitaa la bei ya kati ninalolizungumzia hapa ni lile la kuanzia kama dola 500 hadi 1,000 kabla ya usafiri na ushuru. Si pesa ndogo, na mtu anayejikusanyia mwaka mzima ana haki ya kujua anacholipia. Dukani utaambiwa habari za mbao za mgongo na mbavu: hii rozwudi, hii mahogani, hii ina mistari mizuri. Pokea maneno hayo kwa subira.

Mnamo 1862 fundi Mhispania Antonio de Torres alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Uso tu ndio wa mbao nzuri. Alitaka kuonyesha kwamba sauti hutoka usoni. Gitaa lenyewe bado lipo, kwenye jumba la makumbusho ya muziki la Barcelona.

Mwaka 1995 Bob Taylor, wa kampuni ya Taylor ya California, alijenga gitaa kwa mbao za paleti, zile fremu za kubebea mizigo ambazo kiwanda hutupa. Uso wake ulitokana na ubao wa kawaida wa ujenzi. Akalipeleka kwenye maonyesho ya biashara ya ala za muziki, na watu wakalishangaa kwa sauti na kwa uzuri.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio la kitaalamu zaidi. Fundi aliwajengea magitaa sita yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na mbavu. Moja lilikuwa la rozwudi ya Brazil, ambayo ni adimu na ghali mno, na jingine lilikuwa la sapele, mbao ya kawaida tu. Wapigaji 52 walivalishwa miwani ya wachomelea vyuma, kwenye mwanga hafifu, wakayapiga yote. Alama walizoyapa zilikaribiana sana, na wengi hawakuweza kulitofautisha moja na jingine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na ninausema kwa uzito wote: kwenye bei ya kati, pesa yako iende kwenye uso wa mbao nzima, kwenye pikapu, na kwenye kazi ya fundi wa kulirekebisha. Mgongo wa plaiwudi usikukoseshe usingizi. Uso wa plaiwudi ndio wa kuuliza. Namna ya kutambua ni rahisi: angalia ukingo wa tundu la sauti. Kama mistari ya mbao inashuka kutoka juu hadi chini ya ukingo, ni mbao nzima. Ukiona tabaka, ni plaiwudi.

Na plaiwudi ina sifa ambayo watu wa pwani wanapaswa kuijua. Viwanda vingi hupendekeza unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar hupita hapo karibu mwaka mzima. Mbao nzima hunywa unyevu, ikavimba, uso ukapanda na nyuzi zikainuka. Lipeleke gitaa hilo Dodoma wakati wa kiangazi, linakauka na linaweza kupasuka. Plaiwudi, kwa kuwa tabaka zake zimepishana, haichezi kiasi hicho. Uso wa mbao nzima wenye mgongo na mbavu za plaiwudi ni mapatano mazuri kwa mazingira yetu, na ndivyo yalivyo magitaa mengi ya ngazi hiyo.

Mambo haya ya kupasuka si mageni. Gitaa la kwanza la John Lennon wa The Beatles, la mwaka 1957, lilikuwa Gallotone Champion la bei ya chini lililotengenezwa Afrika Kusini, na ndani yake lilibandikwa karatasi inayoahidi kwamba halitapasuka. Jina hilohilo la Gallotone ndilo lililokuwa kwenye sahani za santuri za Jean Bosco Mwenda, yule Mkongomani aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952. Mwenda alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, gumba likishika besi na kidole cha pili kikiimba juu. Ukipiga kwa mtindo huo, pikapu yako ina deni kubwa: kila uzi lazima usikike sawa. Utepe wa piezo ukikaa vibaya chini ya mfupa, uzi mmoja hupotea, na besi ya gumba ikipotea wimbo mzima umekwisha.

Je, wajua msitu wetu uko wapi kwenye gitaa hilo? Sapele, ambayo siku hizi huchukua nafasi ya mahogani kwenye magitaa mengi ya Martin yanayotoka Navojoa na ya Taylor yanayotoka Tecate, miji ya Mexico, ni mti wa misitu ya Afrika, Kongo ikiwemo. Ubao mweusi wa vidole mara nyingi ni abunusi ya Kamerun. Mwaka 2011 Taylor, pamoja na mshirika wa Hispania, walinunua kiwanda cha mbao jijini Yaoundé, na hapo wakaelezwa jambo lililowashtua: wakataji walikuwa wakiangusha takriban miti kumi kupata mmoja mweusi tititi, kwa sababu wanunuzi walikataa wenye madoa. Iliyobaki iliachwa ioze. Tangu hapo kampuni hiyo hutumia abunusi yenye michirizi ya kahawia. Ukikuta michirizi hiyo kwenye shingo ya gitaa dukani, usiombe punguzo. Hiyo si kasoro.

Mpingo wetu nao uliwahi kuingia kwenye mkumbo. Januari 2017 miti yote ya jamii ya Dalbergia, mpingo na rozwudi pamoja, iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na gitaa lenye mbao hizo likavuka mpaka kibiashara kwa vibali. Ala zilizokamilika zilisamehewa Novemba 2019, isipokuwa za rozwudi ya Brazil.

Turudi kwenye umeme. Tundu la waya kwenye gitaa ni la ukubwa uleule wa milimita 6.35 uliobuniwa karne ya 19 kwa ajili ya mitambo ya simu. Kwenye gitaa lenye betri, tundu hilo ndilo swichi: ukichomeka waya, kikuza sauti kinawaka. Waya ukilala humo usiku kucha, betri ya volti 9 inaliwa bila kazi, na kama ilikwishachoka inaweza kuisha kabla ya ibada ya asubuhi.

Na ule mluzi au mvumo unaozuka ghafla jukwaani? Sauti ya spika hulitikisa sanduku la gitaa, pikapu inaisikia tena, inairudisha kwenye spika, na mzunguko haukomi. Gibson J-160E ya miaka ya 1950 ilipewa uso wa plaiwudi kwa makusudi ili isivume. Hata hivyo ilivuma, na The Beatles walipenda sauti hiyo kiasi cha kufungulia nayo wimbo wa "I Feel Fine" mwaka 1964. Wewe kanisani hutaupenda. Kizibo cha mpira cha kufunika tundu la sauti ni cha bei ndogo na husaidia sana, na kitufe kilichoandikwa "phase" kwenye kisanduku huweza kukata mvumo wa chini kwa kubonyeza mara moja.

Dukani, basi. Nyuzi sita za kawaida huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70, na uso unaozibeba una unene wa milimita 3 hivi, kwa hiyo uvimbe mdogo nyuma ya daraja ni wa kawaida, ila daraja linaloanza kuachia gundi si la kawaida. Pitisha kona ya karatasi chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikiingia, liache. Kwenye freti ya 12, uzi mnene ukiwa juu kama milimita 2.5 unapigika. Ukizidi sana hapo, uliza kama fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo bado inazunguka, maana ndiyo ya kunyooshea. Kisha omba waya, na usikubali kujaribia kwenye ampu ya gitaa la umeme. Omba wachomeke kwenye miksa na spika za kawaida, vifungo vyote viwe katikati, upige uzi mmoja mmoja kuanzia mnene hadi mwembamba kwa nguvu ileile. Muuzaji akikuambia miksa haipo, ahidi kurudi siku itakapokuwepo.