Vistari Vinne, Mshahara Haufiki

Ndugu wafanyakazi, wenzetu wa mashamba ya chai ya magharibi mwa Uganda wana jambo linalotuhusu sote. Fedha za simu zilianza nchini humo mwaka 2009, na siku hizi wako wanaopokea mshahara kwa njia hiyo. Jioni ya mshahara mfanyakazi husimama kwa wakala, simu ina vistari vinne, lakini fedha hazitoki. Akilalamika huambiwa mtandao ni mzuri, simu yake ndiyo mbovu.

Hapo ndipo inapofaa kujua kupima. Vistari huonyesha nguvu ya mawimbi tu, tena kila kiwanda cha simu hupanga vistari vyake kitakavyo. Havisemi ni watu wangapi wanaugombea mnara mmoja saa ile ile.

Kipimo cha kwanza ni nguvu yenyewe. Simu nyingi za kisasa huionyesha kwa namba katika mipangilio, mahali penye habari za laini, kwa mfano -85 dBm. Namba ikikaribia sifuri ndiyo bora. Ikishuka kutoka -85 hadi -95, nguvu imepungua mara 10. Kilima, miti minene na nyumba za mabati huipunguza.

Kipimo cha pili ni muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Cha tatu ni ujumbe mangapi unapotea njiani.

Mwenye simu ndogo naye anaweza kupima. Simama mahali pamoja, uliza salio la simu mara 20. Andika tarehe, saa, mahali, na mara ngapi ilikwama. Ikikwama mara 4, hiyo ni asilimia 20. Rudia asubuhi, mchana na jioni ya mshahara. Kama nguvu ni ile ile lakini jioni ndipo inakwama, yaelekea mnara umeelemewa. Hapo simu mpya haitasaidia. Mwajiri alipe kwa zamu, na kampuni ya simu iongeze uwezo wa mnara.

Daftari hilo lipelekwe tawini. Chama kitalifikisha kwa mwajiri, na ikibidi kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, inayosimamia huduma za mawasiliano. Manung'uniko ya mtu mmoja hupuuzwa upesi. Daftari la mwezi mzima, lenye sahihi za wafanyakazi 10, litajibiwa.

Mshahara uliokwama hewani haujalipwa. Tupime, tuandike, tudai pamoja.